Jua la kaskazi, baskeli na amana ya aliye nyuma

SIKU hizi si ajabu kuwaona vijana wa mitaa yetu ya Ng'ambo wakipanga safari ndefu za baskeli. Wapo wanaokwenda Nungwi, wapo wanaokwenda Makunduchi, na wapo wanaonuia kuuzuru msikiti wa Kizimkazi, ambao maandishi yake ya Kikufi yanaonesha kuwa ulijengwa mwaka 500 Hijria, sawa na mwaka 1107 Miladia. Mara nyingi safari hizi hufungamanishwa na jambo la kheri, kama kuchangia madrasa, kuwatazama mayatima, au kuwaweka vijana mbali na madawa ya kulevya. Makusudio ni mema na mimi si mwenye kuyapinga.

Ninalotaka tulijadili leo ni swali jengine. Watu 30 wanapotoka pamoja Michenzani kwenda Kizimkazi katika jua la mwezi wa Februari, na mmoja wao akaanguka njiani kwa joto, dhima ni ya nani? Ni yake peke yake, kwa kuwa ni mtu mzima na hakuna aliyemshika mkono kumlazimisha? Au ni ya wote waliomwambia "twende pamoja"?

Nauliza kwa sababu majibu yanayotolewa barazani nayasikia. Jibu la kwanza ni "Kila mtu anazijua nguvu zake." Jibu la pili ni "Sisi tumetawakali." Jibu la kwanza lina sura ya busara, na la pili lina sura ya dini. Kwa maoni yangu yote mawili hayasimami, na khasa hilo la pili ndilo linalohitaji kusahihishwa mwanzo, kwa sababu linatumia neno tukufu kufunika uzembe.

Kutawakali si kuacha maji nyumbani

Ndugu Waislamu, suala la kusafiri bila ya maandalizi halikuanza na sisi. Katika Sahihi Bukhari imepokewa kutoka kwa Ibn Abbas (r.a.) kuwa walikuwapo watu wa Yemen waliokuwa wakienda Hija bila ya kuchukua masurufu, wakisema kuwa wao ni wenye kutawakali. Walipofika Makka wakawa wanaombaomba watu. Hapo ndipo ilipoteremka amri ya kuchukua masurufu, nayo imo katika Suratul Baqara, aya ya 197. Tuzingatie kwamba safari ile ilikuwa ni ya ibada, tena ibada kubwa. Hata hivyo uzuri wa nia haukuwasamehe maandalizi.

Na wote tunaijua kadhia ya yule bedui aliyemuuliza Mtume (s.a.w.) kama amfunge ngamia wake atawakali, au amwache atawakali. Akaelekezwa kumfunga kwanza, kisha ndiyo atawakali. Imepokewa na Tirmidhi. Kwa mwenye baskeli, ngamia huyo ni tairi lisilokuwa na nyufa, breki zinazoshika, mnyororo uliotiwa mafuta, pampu, viraka na solusheni, pamoja na chupa za maji. Anayetoka bila ya vitu hivi akasema ametawakali, huyo hajatawakali. Amewatwisha wenzake mzigo wake bila ya kuwataka ruhusa, kama walivyofanya wale waliokwenda kuombaomba Makka.

Jua letu lilivyo

Wapo watakaosema kwamba tunalikuza jambo dogo. Zanzibar si jangwani. Katika kaskazi joto letu la mchana hufika kiasi cha nyuzi 32 au 33, na wapo wenzetu duniani wanaoishi na zaidi ya hizo. Ni kweli, lakini joto la pwani lina hila yake. Mwili hujipoza kwa jasho linalokauka juu ya ngozi. Hewa ikiwa imejaa unyevu kama ilivyo kwetu katika miezi ile, jasho hutoka lakini halikauki, linatiririka tu. Kwa hivyo mtu hupoteza maji na chumvi na wala hapoi. Mpanda baskeli katika hali hiyo anaweza kupoteza lita nzima ya jasho, na wengine zaidi, kwa saa moja tu.

Kisha tuitazame njia yenyewe. Kutoka mjini kwenda Kizimkazi ni zaidi ya kilomita 50. Mwanzo wa safari una kivuli na nyumba. Ukipita Mwanakwerekwe na Tunguu unaingia kwenye miembe ya Bungi, ile inayonasibishwa na Bibi Khole binti wa Sayyid Said. Huko mbele, kiasi cha kilomita 35 kutoka mjini, upo msitu wa Jozani. Lakini ukishauacha Jozani, nchi inabadilika. Unaingia uwandani, kwenye mawe na vichaka, miti mikubwa ikawa michache. Yaani kivuli kinaadimika pale pale ambapo miguu imeshachoka, chupa zimeshakwisha na jua limeshapanda. Anayeipanga safari kwa kuitazama ilivyo Tunguu, hajaipanga.

Wazee wetu waliokuwa wakileta mjini maziwa, mboga na majani ya ng'ombe kwa baskeli waliyajua haya bila ya kusomeshwa na mtu. Walitoka gizagiza, na jua la utosi likawakuta wamekaa. Na katika dini yetu limo fundisho hilo hilo. Mtume (s.a.w.) ameelekeza kuwa joto likizidi, swala ya adhuhuri icheleweshwe mpaka kupoe kidogo, kama ilivyo katika Bukhari na Muslim. Ikiwa swala, ambayo ni nguzo, imezingatiwa joto lake, vipi safari ya matembezi isizingatiwe?

Saa moja ya asubuhi

Naomba tufanye hesabu ndogo. Kikundi cha watu mchanganyiko kinachokwenda kwa wastani wa kilomita 15 kwa saa, pamoja na mapumziko mafupi, kinahitaji saa nne au zaidi kidogo kufika Kizimkazi. Kikitoka saa kumi na mbili asubuhi baada ya swala ya alfajiri, kinafika saa nne, jua likiwa halijawa kali. Lakini tunajua mambo yetu. Watu wanasubiriana. Fulana hazijafika. Mgeni rasmi yuko njiani. Akifika, inasomwa risala, anajibu, zinapigwa picha. Safari inaanza saa moja na nusu au saa mbili.

Saa hizo zilizopotea hazipotei bure, kuna mtu atakayezilipa. Vijana wenye nguvu walio mbele watafika saa tano, wamechoka lakini salama. Yule wa mwisho, ambaye mwendo wake ni mdogo, atakuwa bado yuko uwandani saa sita mchana. Kwa hivyo hotuba ya asubuhi kivulini hulipwa adhuhuri juani, na anayeilipa si aliyehutubu. Haya si mambo ya ratiba tu, ndugu zangu. Ni mambo ya haki. Kumchelewesha aliye dhaifu kwa ajili ya kumpamba mwenye cheo ni kumchukulia kitu asichoweza kukirejesha.

Aliye dhaifu ni nani?

Hapa pana kosa ambalo wengi hulifanya. Tunapotaja dhaifu, tunamfikiria mzee au mnene. Lakini joto lina hesabu zake. Mwili unahitaji kiasi cha wiki moja hadi mbili za kufanya kazi juani kidogo kidogo kila siku mpaka uzoee. Kwa hivyo mchukuzi wa Darajani mwenye umri wa miaka 50, ambaye kutwa yuko juani, huenda akawa imara kuliko kijana wa miaka 25 anayeshinda ofisini kwenye kiyoyozi. Na yupo ndugu yetu anayerudi Disemba kutoka Uingereza, mwenye baskeli nzuri kuliko za wote na mapaja ya mazoezi. Siku ya tatu baada ya kushuka kwenye ndege anataka awe mbele. Kwa miguu huyo ndiye mwenye nguvu kuliko wote, lakini kwa jua pengine ndiye dhaifu kuliko wote, na yeye mwenyewe hajui. Wapo pia wenye sukari, na wenye shinikizo la damu wanaotumia dawa za kupunguza maji mwilini, ambao kwa kuwatazama huwezi kuwatambua.

Ndiyo maana jibu la "kila mtu anazijua nguvu zake" halisimami. Kwanza, si kweli kwamba kila mtu anazijua. Pili, hata anayezijua huona haya kusema. Kijana mmoja wa jirani yangu alinihadithia safari aliyokwenda na wenzake kusini. Walipofika Jozani mmoja wao alisema anahisi kizunguzungu na kichwa kinamgonga. Akaambiwa yeye ni mayai, watu wakacheka, naye akacheka, akapanda baskeli. Alianguka walipokwishapita Kitogani kuelekea Muyuni. Waliokuwa mbele hawakujua. Walikuwa wameshafika na wameshaanza kupiga picha. Aliokolewa na akina mama wa kijijini waliomvuta kivulini, wakamwagia maji na kumpepea mpaka ilipopatikana gari ya kumpeleka hospitali. Alhamdulillahi alipona.

Sasa tujiulize, yule kijana hakuzijua nguvu zake? Alizijua na akazisema. Kilichomuangusha si ujinga wake, ni kicheko cha wenzake. Na Allah (s.w.) katika Suratul Hujurat, aya ya 11, amekataza watu kudharau watu wengine, kwani huenda wanaodharauliwa wakawa bora zaidi. Tumezoea kuisoma aya hii tukifikiria matusi na kabila. Mimi naamini ina nafasi yake pia kwenye safari ya baskeli, kwa sababu mahali ambapo udhaifu unachekwa, watu hujificha mpaka waanguke.

Nafasi ya kiongozi

Imepokewa katika Sunan ya Abuu Daud kwamba watu watatu wakitoka safarini na wamteue mmoja wao awe amiri. Vijana wetu hili wanalifanya, lakini amiri wao huwa ni yule mwenye mbio kuliko wote, naye hukaa mbele na bendera. Hebu tutazame mwendo wa Mtume (s.a.w.) mwenyewe. Jabir bin Abdillah (r.a.) ameeleza, na imo humo humo katika Abuu Daud, kuwa Mtume alikuwa akibaki nyuma katika msafara. Akimsukuma mbele aliye dhaifu, akimpakia nyuma yake, na akiwaombea dua. Huyu ndiye mbora wa viumbe na ndiye amiri wa jeshi, na bado nafasi aliyojichagulia ni ya nyuma.

Na Uthman bin Abil-As (r.a.) alipoomba kufanywa imamu wa watu wake, alikubaliwa, lakini akaelekezwa kwamba amuangalie yule dhaifu wao kuliko wote na amfuate huyo. Fundisho hili ni la swala. Lakini safu ya swala na safu ya baskeli zinafanana katika jambo moja. Wote wameshikamana na mtu wa mbele, na mtu wa mbele hamuoni wa mwisho. Kama hakumuweka moyoni tangu kabla ya kuanza, hatamkumbuka tena.

Katika Sahihi Muslim kuna hadithi ya Abuu Qatada (r.a.) kuhusu safari ambayo jua lilipanda na watu wakashikwa na kiu mpaka wakaona wanaangamia. Mtume (s.a.w.) akawa anamimina maji na Abuu Qatada anawanywesha watu, mpaka wakabaki wao wawili tu. Hapo ndipo ikabainishwa kuwa mwenye kuwanywesha watu ndiye wa mwisho kunywa. Kwa hivyo anayetaka uamiri wa safari ya joto na ajipime kwa chupa ya maji. Kama yeye ndiye wa mwanzo kunywa, basi awaachie wengine.

Ipo na hadithi ya Anas (r.a.), katika Bukhari na Muslim, ya siku ya joto kali safarini. Waliofunga hawakuweza kitu. Wasiofunga wakawahudumia wanyama na kufanya kazi. Mtume (s.a.w.) akaeleza kuwa wasiofunga ndio waliobeba ujira siku ile. Miaka hii, ambapo Ramadhani inaingia ndani ya kaskazi, hakuna sababu ya kupanga safari kama hizi katika mwezi huo. Lakini hata nje ya Ramadhani fundisho liko pale pale. Anayeziba pancha ya mwenzake juani na kubeba maji ya wengine hupata zaidi kuliko anayefika wa kwanza.

Wenye nguvu nao wana haki?

Najua nitaambiwa kuwa nawadhulumu wenye nguvu. Wamefanya mazoezi, wana baskeli nzuri, kwa nini wabanwe na mwendo wa mtu mmoja? Hoja hii ina uzito na haifai kupuuzwa. Mtu kushindana si haramu. Lakini basi semeni ukweli tangu siku ya kuandikisha. Kama ni mashindano, iteni mashindano, na waalikeni wanaoweza. Au gawaneni makundi mawili, kila moja na amiri wake, maji yake na fundi wake. Lisilofaa ni kuwaita watu kwa jina la umoja, kisha wakishafika Tunguu wakaachwa na mbio za wachache. Neno "pamoja" ni ahadi. Aliyelitamka ameshaingia katika dhima, na kuitimiza ahadi hakumpunguzii mwenye nguvu chochote cha haki yake.

Na tusidhani kwamba haya ni mambo madogo ya vijana wa mtaani. Katika Hija ya mwaka 2024 joto la Makka lilipita nyuzi 50. Serikali ya Saudi Arabia ilitangaza vifo 1,301 vya mahujaji, ikasema kuwa 83 katika kila 100 walikuwa ni watu wasiokuwa na vibali, waliotembea masafa marefu juani bila ya kivuli wala mahali pa kupumzika. Allah awarehemu. Tunaweza kubishana juu ya vibali mpaka kesho, lakini jua halikuuliza kibali cha mtu. Wengi katika wale walikufa kwa sababu hawakuwa katika orodha ya mtu yeyote. Hapakuwa na hema lililowahesabu, wala basi lililowasubiri. Hivyo ndivyo ilivyo kwa yule kijana anayejiunga asubuhi ile ile Kwerekwe kwa baskeli ya kuazima, hakuandikwa wala hakuhesabiwa, na akianguka hakuna atakayejua kuwa amepungua mtu.

Tufanye nini?

Kwa maoni yangu, safari hizi ziendelee, ila kwa masharti. Watu waandikwe majina na wahesabiwe kila kituo. Mazoezi yaanze wiki mbili kabla, juani, kidogo kidogo, si usiku tu. Safari ianze baada ya alfajiri, na mgeni rasmi kama yupo akawapokee Kizimkazi. Amiri akae nyuma pamoja na fundi na mkoba wa dawa, na wa mbele asipite kituo mpaka wa mwisho afike. Wakati wa kurudi baskeli zipandishwe juu ya gari, kwani kurudi baada ya alasiri ni kuingiliwa na kiza barabarani.

Maji yapangwe vituo kwa vituo. Maji matupu peke yake kwa wingi hayatoshi, kwa sababu chumvi imetoka na jasho. Watu wale kitu kila kituo. Atakayeshindwa kula achanganyiwe vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi katika lita moja ya maji safi. Anayeumwa kichwa, anayesikia kizunguzungu au kichefuchefu, au aliyebanwa na misuli, apumzishwe kivulini na asipande tena siku ile. Akianza kupayuka au kuchanganyikiwa huku mwili ni wa moto, hiyo ni hatari ya roho. Amwagiwe maji mwili mzima, apepewe, na akimbizwe hospitali wakati anaendelea kupozwa. Asiyekuwa na fahamu asinyweshwe kitu.

Na kabla ya yote, amiri atangaze mbele ya wote kwamba anayetaka kurudi arudi, gari lipo, na hakuna atakayemcheka. Maneno haya hayana gharama, lakini ndiyo yanayomfungulia mtu mlango wa kusema kweli kabla hajaanguka.

Nawaomba maimamu wetu, vijana wanapokuja kuomba dua ya safari, wasiwaombee tu. Wawaulize kwanza: maji mmechukua kiasi gani, na nani atakaa nyuma? Wakishajibu vizuri, hapo ndipo tuinue mikono, na hapo ndipo neno "tumetawakali" litakuwa na maana.

Wabillahi tawfiq.